"Huko Kesho Kukoje?": Kuchora Nafasi na Wakati Katika Daftari la Miraba



Mhariri ameniomba niandike kitu cha sayansi kwa toleo hili, "lakini kisiwe cha kutulaza usingizi." Nimejaribu. Utakachohitaji ni daftari la hesabu, lile la miraba tulilotumia shule ya msingi, pamoja na penseli na rula. Ukisoma bila kuchora utanielewa nusu, na nusu hiyo utaisahau kabla hujafika kituo cha basi. Mimi mwenyewe yalinikuta hayo nikiwa mwaka wa kwanza: nilikariri fomula yenye kipeuo cha pili, nikapita mtihani, kisha basi.

Nikipiga simu nyumbani Voi, binamu zangu wana utani ambao hawauchoki: "Eh, mtu wa Sydney, huko kesho kukoje?" Sisi huku tuko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa saba, na saa nane kuanzia Oktoba hadi mwanzo wa Aprili wanaposogeza saa zao mbele. Wao wakikaa kula chakula cha usiku Jumatatu, huku Jumanne imeshaingia. Kwa hiyo tunaishi kesho, na wao wamebaki jana. Tunacheka, tunaendelea na mengine.

Lakini chini ya utani huo kuna swali la kweli. Ninaposema "sasa hivi" nikiwa Sydney, na mama akasema "sasa hivi" akiwa Voi, je, ni sasa moja? Mwaka 1905 Albert Einstein, kijana wa miaka 26 aliyekuwa akifanya kazi katika ofisi ya hataza mjini Bern, aliandika makala ambayo jibu lake ni: si lazima. Nadharia yake inaitwa uhusianifu maalumu. Na njia nzuri kuliko zote ya kuielewa, kwa maoni yangu, ni ile niliyoonyeshwa na babu yangu nikiwa na miaka minane au tisa, ingawa yeye hakujua kwamba ananifundisha Einstein.

Babu mzaa mama alifanya kazi relwe (hakuwahi kusema "reli") tangu enzi ya East African Railways mpaka akastaafu chini ya Kenya Railways. Ndani ya sanduku lake la bati alikuwa na karatasi moja ndefu ya kazini, imejaa mistari ya kukatana kama wavu wa mvuvi. Upande mmoja zimeandikwa stesheni kwa mpangilio: Mombasa, Mazeras, Mariakani, Samburu, Mackinnon Road, Voi, Tsavo, Mtito Andei, na kuendelea mpaka Nairobi. Upande wa pili zimeandikwa saa. Kila mstari ni treni moja. Ukitaka kujua treni fulani iko wapi saa fulani, unafuata mstari wake.

Babu akaniuliza: "Treni iliyosimama inaonekanaje hapa?" Nikasema haitaonekana, kwa sababu haiendi. Akacheka sana. Treni iliyosimama Voi nayo ina mstari, kwa sababu hata kama haibadilishi mahali, saa zinakwenda. Mstari wake unanyooka kufuata saa tu. Treni ya mizigo inayojikokota ina mstari uliolala kidogo kutoka hapo, na treni ya abiria inayokimbia ina mstari uliolala zaidi. Tuseme treni moja imeondoka Nairobi saa moja jioni na nyingine Mombasa saa hiyo hiyo. Mistari yao itakuja kukatana usiku mahali fulani kama Mtito Andei. Sasa kumbuka ile ilikuwa reli ya njia moja. Treni mbili zinazoelekeana zinaweza kupishana tu kwenye stesheni yenye njia ya pembeni. Kwa hiyo, akasema babu huku akigonga karatasi kwa kidole, mistari ikikatana penye stesheni, hiyo ni kupishana. Ikikatana katikati ya stesheni na stesheni, hiyo ni ajali.

Tafadhali shika hilo la ajali, nitalirudia.

Michoro ya namna hii ni ya zamani. Katika karne ya 19 Mfaransa Étienne-Jules Marey alichapisha mchoro wa treni za Paris hadi Lyon, kazi ya mhandisi aliyeitwa Ibry, na wanaopenda michoro mizuri bado wanausifu. Mwanahisabati Hermann Minkowski, ambaye aliwahi kumfundisha Einstein hesabu kule Zurich, alifanya jambo linalofanana na hilo kwa ulimwengu mzima. Tarehe 21 Septemba 1908, mjini Köln, alisimama mbele ya wanasayansi akawaeleza kwamba nafasi peke yake na wakati peke yake havitoshi tena, kwamba tuvichore pamoja kama kitu kimoja. Masikini, hakuishi kuona matunda yake. Alifariki Januari 1909 akiwa na miaka 44, kwa ugonjwa wa kidole tumbo.

Haya, fungua daftari. Ligeuze lilale kwa upana, kwa sababu tutahitaji miraba kama 30 kwenda kando. Wanafizikia wana desturi ya kuuweka wakati ukipanda juu na mahali kwenda kando, yaani karatasi ya babu iliyogeuzwa. Mtu aliyetulia ni mstari uliosimama wima. Anayekwenda kulia, mstari wake umeinamia kulia.

Kisha chagua vipimo. Hapa ndipo ujanja wote ulipo. Mraba mmoja kwenda juu uwe sekunde moja, na mraba mmoja kwenda kando uwe umbali ambao nuru inakwenda kwa sekunde moja, yaani karibu kilomita 300,000. Kwa vipimo hivyo mwale wa nuru unakata miraba kona kwa kona, nyuzi 45, kulia au kushoto. Vitu vyote tunavyovijua mitaani, kuanzia bodaboda mpaka ndege, vinakuwa mistari iliyosimama wima kabisa kwa macho. Ndiyo maana hatujawahi kuona maajabu haya katika maisha ya kawaida: kasi zetu ni ndogo mno.

Einstein alianza na mambo mawili tu. La kwanza halina ubishi: mtu aliye ndani ya treni inayokwenda kwa kasi isiyobadilika, kwenye reli laini kabisa, mapazia yamefungwa, hana jaribio lolote la kumwambia kama treni inakwenda au imesimama. La pili ndilo linaloleta kizaazaa: kila anayepima kasi ya nuru katika nafasi tupu anapata jibu lile lile, hata kama yeye anaikimbilia na mwenzake anaikimbia. Kwenye mchoro wetu maana yake ni kwamba mstari wa nuru ni nyuzi 45 kwa kila mtu. Hauinami kwa ajili ya yeyote.

Sasa tuchore treni ya ajabu inayokwenda kulia kwa asilimia 60 ya kasi ya nuru. Relwe ya babu haikufika huko. Asilimia 60 maana yake ni kwamba kila ikipanda miraba 5 inasogea kulia miraba 3. Chagua kitone karibu na ukingo wa chini wa ukurasa, ukiacha miraba 8 kushoto na 20 kulia. Hapo ndipo katikati ya treni. Toka hapo chora mstari: 5 juu, 3 kulia, tena na tena. Miraba 8 kushoto ya kitone chora mstari wa mkia wa treni, na miraba 8 kulia chora mstari wa kichwa. Yote mitatu ina mwinamo mmoja, iko sambamba.

Katikati ya treni kuna taa. Inawaka mara moja pale kwenye kitone. Chora nuru ikienda kushoto kwa nyuzi 45, na nyingine ikienda kulia. Ya kushoto inakutana na mkia wa treni ukiwa umepanda miraba 5 tu, kwa sababu mkia unaifuata nuru. Ya kulia inahangaika kukimbiza kichwa kinachoikimbia, na inakifikia kwenye mraba wa 20 juu na wa 20 kulia. Usiniamini, hesabu mwenyewe.

Kwa mtu aliyesimama stesheni, jibu liko wazi: nuru imegonga mkia kwanza (sekunde ya 5), kisha kichwa (sekunde ya 20). Lakini muulize abiria. Yeye anasema, mimi nimekaa katikati kabisa, taa imewaka mbele yangu, mkia na kichwa viko umbali sawa kutoka kwangu, na nuru inakwenda kwa kasi ile ile pande zote mbili. Kwa hiyo imefika kote wakati mmoja. Na kumbuka jambo la kwanza la Einstein: abiria huyo ana haki sawa na mtu wa stesheni. Hana kosa.

Chukua rula, unganisha vile vitone viwili, pale nuru ilipogonga mkia na ilipogonga kichwa. Huo mstari ndio "sasa" ya abiria. Umeinama! Unapanda miraba 15 kwa miraba 25 ya kando, yaani 3 kwa 5. Mstari wa safari yake ni 5 juu kwa 3 kando, na mstari wa "sasa" yake ni 3 juu kwa 5 kando. Ni kama mkasi unaojifunga, makali mawili yakiukaribia mstari wa nuru kutoka pande mbili kwa mwinamo sawa. Treni ikiongeza kasi, mkasi unajifunga zaidi. Ikisimama, mkasi unafunguka kabisa: wakati wima, "sasa" ya kulala.

Hapo ndipo uhusianifu wote ulipo, ndugu zangu. Mengine yote wanayosimulia watu, saa kuchelewa, fito kufupika, pacha aliyesafiri kurudi kijana, yanatoka kwenye mstari huo mmoja ulioinama. Anayependa kuona picha zikitembea atafute filamu fupi za Einstein Light, alizoandaa Joe Wolfe wa Chuo Kikuu cha New South Wales, hapa hapa Sydney.

Nilipomchorea mwenzangu tunayekaa naye nyumba moja, Mtanzania anayesoma uhasibu, aliangalia kidogo akasema: "Sasa hii si ndiyo saa ya Kiswahili tu? Mimi nasema saa moja, Mwaustralia anasema saa saba, na tunazungumzia asubuhi ile ile." Swali zuri, na nashukuru aliliuliza, kwa sababu ndilo kosa ambalo karibu kila mtu analifanya.

Hapana. Saa ya Kiswahili na saa ya Kizungu zinatofautiana kwa majina. Mstari wa "sasa" ni ule ule umelala, ila mmoja ameandika 1 pembeni yake na mwingine ameandika 7. Tofauti ya Sydney na Nairobi nayo ni hivyo hivyo, makubaliano ya serikali kuhusu namba za kuandika. Ndiyo maana wabunge wanaweza kupiga kura wakasogeza saa mbele Oktoba, na hakuna kitu chochote duniani kinachobadilika isipokuwa sisi kuchelewa mihadhara. Uhusianifu haubadilishi namba iliyo pembeni ya mstari. Unainamisha mstari wenyewe. Matukio mawili yaliyo kwenye "sasa" moja kwangu yako kwenye "sasa" mbili tofauti kwako, na hakuna kura itakayoyapatanisha.

Kuna jambo moja ambalo vitabu vingi havitahadharishi, nami lilinisumbua wiki nzima. Mchoro huu unadanganya kuhusu urefu. Angalia mstari wa abiria, 5 juu na 3 kulia. Ukiupima kwa rula ni mrefu kuliko miraba 5, kwa Pythagoras, na utadhani saa ya abiria imehesabu zaidi ya sekunde 5. Kumbe imehesabu pungufu. Katika nafasi na wakati, Pythagoras anabadilisha alama moja tu: badala ya kujumlisha unatoa. 5 mara 5 ni 25, 3 mara 3 ni 9, toa, inabaki 16, na kipeuo chake ni 4. Mtu wa stesheni zimempita sekunde 5 wakati saa ya abiria imepiga 4. Ni pembetatu ile ile ya 3, 4 na 5 aliyotuchorea mwalimu ubaoni, isipokuwa upande uliokuwa mrefu wakati ule sasa umekuwa mfupi. Hata leo nikiutazama mstari ule macho yangu yanakataa, lakini hesabu ndiyo hiyo.

Tena si nadharia ya kwenye karatasi tu. Mionzi kutoka angani inapogonga hewa ya juu, kilomita kama 15 juu yetu, inazalisha chembe zinazoitwa myuoni. Myuoni iliyotulia inaishi kwa wastani mikrosekunde 2.2 tu. Hata ikienda karibu na kasi ya nuru, kwa muda huo ingefika mita 660 hivi ikafa. Lakini hapo ulipokaa, kiganja chako kikiwa wazi, kinapitiwa na myuoni karibu moja kila sekunde. Zimefikaje? Mistari yao imeinama sana, kwa hiyo saa zao zinapiga polepole mno tukizilinganisha na zetu. Wamarekani Frisch na Smith walizihesabu, wakachapisha matokeo mwaka 1963: juu ya Mlima Washington, karibu mita 1,900, walipata kama 560 kwa saa. Kama wakati ungekuwa mmoja kwa wote, pwani zingefika 27 tu. Walihesabu zaidi ya 400. Setilaiti za GPS nazo saa zao zinachelewa mikrosekunde 7 kwa siku kwa ajili ya mwendo wao, halafu zinawahi mikrosekunde 45 kwa sababu ya kuwa mbali na uvutano wa dunia, ambayo ni habari ya nadharia nyingine ya Einstein, ya 1915. Bila marekebisho hayo, simu yako ingekosea kilomita 11 hivi kwa siku, na dereva angekushusha Blacktown wakati unakwenda Strathfield.

Sasa nirudi kwenye ajali ya babu.

Kama kila mtu ana "sasa" yake, je, kila kitu kimekuwa vurugu? Hapana. Mistari miwili ikikatana, imekatana kwa kila mtu. Treni mbili zikigongana, hakuna mtazamaji yeyote, awe na kasi gani, atakayesema zilipishana salama. Tena nuru inatuwekea mpaka. Chukua ukurasa mpya, weka kitone kimoja katikati, hilo ni tukio: wewe, hapa, sasa hivi. Pitisha mistari miwili ya nyuzi 45 kwenye kitone hicho, itengeneze umbo kama herufi X. Sehemu ya juu, katikati ya makwapa ya X, ni yote unayoweza kuyagusa kuanzia sasa: ujumbe wako unaweza kuyafikia. Sehemu ya chini ni yote yanayoweza kuwa yamekugusa. Mpangilio huo wanaukubali watu wote. Ukiongeza upande mwingine wa nafasi, X inakuwa koni mbili zilizogusana ncha, ndiyo maana wanaiita koni ya nuru. Sehemu mbili za pembeni ndizo zenye utata. Matukio yaliyo huko, mmoja atasema yametangulia, mwingine atasema bado, na wote wako sahihi, kwa sababu hayawezi kukufikia wala huwezi kuyafikia kwa sasa.

Hilo la koni lilikuwa neno tu la mtihani kwangu mpaka Juni 2023.

Babu alifariki nyumbani Voi, usiku wa manane kwao, saa tisa na dakika ishirini. Huku ilikuwa saa nne na dakika ishirini asubuhi, na mimi nilikuwa kwenye treni inayotoka Parramatta kwenda mjini, na daftari la mtihani mapajani. Mtihani ulikuwa kesho yake. Nyumbani wakakaa kikao, wakaamua nisiambiwe mpaka nimalize. Wengi mnaosoma hapa mnalijua jambo hili, mmefanyiwa au mmeshiriki kumfanyia mwenzenu. Nilitoka chumba cha mtihani, nikawasha simu, mjomba akanipigia. Ilikuwa saa saba mchana. Zilikuwa zimepita saa 26 na dakika 40.

Kwa siku kadhaa nilikuwa na hasira ambayo sikuwa na mahali pa kuipeleka. Swali lililonizunguka kichwani lilikuwa moja: saa ile, saa ile hasa, mimi nilikuwa nafanya nini? Basi kama mhandisi, nikachora.

Sydney na Voi ziko mbali karibu kilomita 12,000. Nuru inazipita kwa sekunde 0.04. Kwa vipimo vyetu, kila mraba ukiwa sentimita moja, Sydney na Voi ni mistari miwili ya wima iliyotengana kwa sehemu 4 za kumi ya milimita. Ni unene wa mstari wa penseli butu. Na utata wa koni? Kwa kila nukta ya maisha yangu huku, kuna kipande cha maisha ya Voi cha sekunde 0.08, nusu kabla na nusu baada, ambacho si wakati wangu uliopita wala ujao. Ni pungufu ya kupepesa jicho. Kwa mtu aliye mwezini ingekuwa sekunde 2.6. Kwa aliye Mars, sayari hiyo ikiwa mbali kabisa nasi, ni dakika zaidi ya 40.

Na mwinamo wa treni yangu? Tuseme ilikuwa inakwenda kilomita 80 kwa saa, na nikadirie kama vile mwendo wote ulikuwa kwenye mstari wa kwenda nyumbani, niache kando mzunguko wa dunia. "Sasa" yangu mimi abiria na "sasa" ya mtu aliyesimama kwenye jukwaa la Redfern, tukizinyoosha zote mpaka Voi, zinatofautiana kwa nanosekunde 3. Sehemu tatu za bilioni ya sekunde. Kwa hiyo ndiyo, kwa kipimo chochote ambacho mwili wa binadamu unakijua, kulikuwa na saa ile moja kwetu sote. Einstein hakuniondolea hilo.

Halafu nikapima saa 26 na dakika 40. Ni sekunde 96,000. Kwa sentimita moja kwa sekunde, ningehitaji karatasi ya mita 960 kwenda juu, karibu kilomita nzima, ili kufika kwenye kitone ambapo mjomba alipiga simu. Nuru ingeweza kuniletea habari mara milioni mbili na laki nne ndani ya muda huo. Hapo nikaona kwamba nilichokasirikia hakikuwa umbali. Miaka yote nimesema "mbali na nyumbani" kana kwamba kilomita ndizo zinazoniweka pembeni, na mchoro unasema kilomita ni unene wa penseli. Zilizobaki, zile mita 960, zilikuwa ni watu waliokaa sebuleni wakijadiliana kama niambiwe au la.

Nilimwambia mama hayo, si kwa namba, kwa maneno tu. Akanyamaza, kisha akasema walifikiri wananilinda, na kwamba safari nyingine, Mungu apishe mbali, nitaambiwa papo hapo, mtihani uwepo usiwepo. Mdogo wangu aliye Dodoma chuoni naye ameahidiwa hivyo hivyo.

Kisha akaniuliza yeye lile swali langu: saa ile babu anakata roho, ulikuwa wapi? Nikamwambia nilikuwa kwenye treni, kati ya Strathfield na Redfern.

"Treni ilikuwa inakwenda au imesimama?" akauliza.

Nikamwambia inakwenda.